Safari ya Newala: Siku Tisa Pamoja na Wenye Kigugumizi

Nimeiandika simulizi hii baada ya kurejea Dar es Salaam, nikitumia daftari dogo la safari, risiti za nauli na picha zilizobaki kwenye simu. Tulisafiri watu wawili: mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye kigugumizi tangu nilipokuwa na umri wa miaka minne, na dada mmoja mtaalamu wa tiba ya usemi, aliyesomea Chuo Kikuu cha Makerere, ambako shahada ya kwanza ya fani hiyo katika Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 2008. Wataalamu wa aina yake nchini Tanzania ni wachache mno, na karibu wote hufanya kazi katika miji mikubwa.

Aliyetuita ni kijana fundi cherehani wa Newala. Mwaka uliotangulia alinisikia redioni nikizungumza huku nikikwama, akaitafuta namba yangu, akaniandikia ujumbe. Hakupiga simu. Alinieleza kwamba simu humtesa kuliko kitu chochote, kwa sababu mtu asiyemwona hudhani mtandao umekatika, na hukata kabla yeye hajafikia neno la kwanza. Mwisho wa ujumbe wake aliuliza: "Mwalimu, huku kwetu mtakuja lini?" Ilituchukua miezi kumi na moja kupata jibu, maana nauli, malazi na uchapishaji wa mabango tulivigharamia wenyewe kwa michango ya ndugu na wafanyakazi wenzetu.

Siku ya kwanza, Jumatano 16 Oktoba 2024: Mbagala hadi Masasi

Tulipandia basi Mbagala Rangi Tatu, likaondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nauli hadi Masasi ilikuwa shilingi 35,000 kwa kila mmoja, na tukaongeza 5,000 kwa ajili ya boksi la mabango na vijitabu.

Mkata tiketi aliniuliza jina, nami nikakwama. Nalieleza jambo hili mapema kwa kuwa lilitufuata safari nzima. Mtu mwenye kigugumizi hujifunza tangu utotoni kukwepa maneno: likikataa "kesho" atasema "siku inayofuata", likikataa "baba" atasema "mzee wangu". Jina lake mwenyewe halina neno la kulibadilisha, tena huulizwa ghafla, mbele ya watu, na mtu mwenye haraka. Kwa miaka mingi mimi nilikata tiketi kwa jina la marehemu kaka yangu, kwa sababu tu linaanza kwa irabu na lilikuwa likinitoka kwa urahisi. Safari hii nililisema langu. Lilichukua muda, foleni ikasogea sogea nyuma yangu, lakini liliandikwa jina langu.

Mkuranga na Kibiti tulizipita tukiwa tunasinzia. Baada ya Ikwiriri tulivuka Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, daraja la karibu kilomita moja lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee waliokuwa ndani ya basi walikumbushana jinsi kivuko kilivyokuwa kikiwalaza njiani siku nzima, na wakati wa mvua siku kadhaa. Kuanzia Somanga dereva alipunguza mwendo. Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa mwezi Mei kiliikata barabara katika maeneo haya, na mahali palipokatika tulipita polepole juu ya kifusi na makalavati mapya.

Nangurukuru tulipewa dakika ishirini za kula. Wali kwa samaki wa kukaanga ulikuwa shilingi 6,000, na ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia katika kituo cha basi. Mama aliyekaa jirani yangu, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda Nachingwea, aliuliza mabango yetu yanahusu nini. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtoto wa dada yake ana hali hiyo, na ukoo mzima umekuwa ukimlaumu mama yake kwa kumtekenya alipokuwa mchanga. Dada mtaalamu alimgeukia akamweleza bila haraka kwamba kigugumizi hakiletwi na kutekenywa, wala hofu, wala kumwiga mwingine. Chanzo chake kiko katika namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa katika familia. Mama yule alifungua mfuko wake akatugawia ndizi nne. Alituomba kijitabu kimoja, tukampa viwili.

Karibu na Mtama tulipata pancha iliyotuchelewesha kwa saa moja na nusu. Tuliingia Masasi saa mbili usiku, milima ya mawe ikionekana kama vivuli vikubwa juu ya taa za mji. Nyumba ya kulala wageni ilitutoza shilingi 25,000 kwa chumba, pamoja na chai.

Kwa atakayepita njia hii: kata tiketi ya basi la kwanza la asubuhi, kwa sababu ucheleweshaji wowote kusini ya Rufiji utakufikisha usiku. Beba noti ndogo ndogo, maana vituoni chenji ni adimu. Na kama una kigugumizi, andika jina lako na unakokwenda kwenye karatasi ikiwa siku hiyo huna nguvu za kusema; si aibu. Ila usiifanye karatasi hiyo kuwa desturi ya kila siku, kwa sababu kila unapolikwepa neno, kesho yake linakuwa zito zaidi.

Siku ya pili, Alhamisi 17 Oktoba: barua

Siku hii kwa sehemu kubwa ilipotea. Ili kuingia katika shule ya serikali ni lazima mgeni awe na barua ya utambulisho inayoshuka ngazi kwa ngazi, kutoka halmashauri hadi idara ya elimu, kisha kwa mtendaji wa kata, ndipo kwa mwalimu mkuu. Yetu tuliituma wiki tatu kabla, lakini haikuonekana. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, tukaandika nyingine kwa mkono, ikapigwa mhuri. Mhudumu wa ofisi, mama wa makamo, alituletea maji ya kunywa mara mbili bila kuombwa, na ndiye aliyeishika barua mkononi kutoka mlango hadi mlango mpaka ikakamilika.

Saa tisa tulikutana na walimu kumi na wanne wa shule moja ya msingi, waliokuwa wamekubali kutusubiri baada ya masomo. Mwalimu wa darasa la tatu alisema hana mwanafunzi hata mmoja mwenye kigugumizi. Dada mtaalamu alimuuliza jinsi anavyofundisha kusoma. Alijibu kwamba darasa lina watoto zaidi ya tisini, hivyo wanasoma kwa pamoja kwa sauti moja. Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Mtu mwenye kigugumizi akisoma pamoja na wenzake, akiimba, au akighani kwa mahadhi, mara nyingi hakwami kabisa. Mtoto anaweza kumaliza miaka mitatu akiitikia kwa kiitikio cha darasa, na mwalimu asijue, mpaka siku anaposimamishwa peke yake na kuchapwa au kuchekwa kwa kile kinachoonekana kuwa ukaidi. Mwalimu yule alikaa kimya, kisha akasema taratibu: "Yupo. Yupo mmoja ambaye nikimsimamisha hunyamaza. Nilidhani hajui." Sikumwona kuwa ana kosa. Hakuna aliyewahi kumfundisha jambo hilo, hata mimi niliyekuwa nalo mdomoni sikufundishwa chuoni.

Siku ya tatu, Ijumaa 18 Oktoba: kupanda Newala

Kutoka Masasi hadi Newala ni takriban kilomita 70, na gari dogo la abiria lilitutoza shilingi 8,000 kila mmoja. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, ilikuwa katika ujenzi, na vumbi jekundu liliingia hadi ndani ya boksi la vijitabu. Funga makaratasi yako kwenye mfuko wa plastiki mgumu. Sehemu ya mwisho ni mpando wa kuingia Uwanda wa Makonde, na hewa hubadilika ghafla ikawa ya baridi.

Mwenyeji wetu alikuwa akitusubiri stendi. Alitushika mikono, akafungua kinywa, akakwama katika neno la "karibuni" kwa muda mrefu, shingo ikamkakamaa na macho yakafumba. Hatukumsaidia. Tulisubiri. Alipolimaliza alisema kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuwapokea wageni kwa mdomo wake mwenyewe. Siku zote mdogo wake ndiye husema.

Newala iko juu sana na maji yamekuwa tatizo lake la tangu zamani, kwa kuwa chemchemi ziko chini ya ukingo wa uwanda. Chumba chetu kilikuwa shilingi 20,000 na ndoo moja ya maji kwa siku, nyingine tuliinunua. Kabla ya magharibi kijana yule alitupeleka Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na macho yanashuka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Alituambia kwamba alipokuwa mdogo alikuja hapa peke yake kufanya mazoezi ya kulisema jina lake kwa sauti kubwa, na hapa lilikuwa halikwami hata mara moja. Dada mtaalamu alimwambia kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi: kinachokifanya kigugumizi kiwe kikali ni msikilizaji na kile tunachodhani atakifikiri, na kwa hiyo tiba inayomshughulikia msemaji pekee huwa imefika nusu ya njia.

Siku ya nne, Jumamosi 19 Oktoba: chini ya mkorosho

Tulikutana nyuma ya kibanda cha fundi, chini ya mkorosho mkubwa. Tulitarajia watu ishirini, wakaja kumi na mmoja, na kati yao wenye kigugumizi walikuwa saba: wanaume watano, mwanamke mmoja na mtoto mmoja wa kiume. Uwiano huo haukutushangaza, kwani miongoni mwa watu wazima wanaume wenye kigugumizi huwazidi wanawake mara nne hivi. Dada mtaalamu aliwaeleza kwamba duniani kote takriban mtu mmoja katika kila mia ana hali hii, na mimi nikaongeza hesabu ya nyumbani: kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Mtwara una watu zaidi ya milioni 1.6, hivyo kwa makadirio hayo mkoani humu wanaweza kuwapo watu wapatao 16,000. Mzee mmoja aliyekuja kwa bodaboda kutoka kijijini alirudia tarakimu hiyo mara mbili. Alisema kwamba kwa miaka hamsini alidhani yuko peke yake, yeye na baba yake mkubwa.

Mama wa yule mtoto, mwenye umri wa miaka mitano, ndiye aliyenipa wasiwasi mkubwa. Alikuwa ameshauriwa na jirani ampeleke mtoto kukatwa kimeo, na fundi wa kukata alikuwa ameshataja bei, shilingi 15,000. Kukata kimeo ni jambo lililozoeleka katika sehemu nyingi za nchi yetu, kwa kikohozi, kwa mtoto asiyekua vizuri, na kumbe pia kwa mtoto anayekwama kusema. Dada mtaalamu alimwomba aketi karibu, akamshika mkono, akamwambia waziwazi: kimeo hakina uhusiano wowote na kigugumizi, kukikata hakutabadilisha usemi wa mtoto, na kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi. Hali kadhalika uzi wa chini ya ulimi.

Kisha alimpa kazi, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu haihitaji mtaalamu wala fedha. Watoto kama watano katika kila mia hupitia kipindi cha kugugumia, mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, na walio wengi huacha wenyewe. Mtoto wa kufuatiliwa kwa karibu ni yule ambaye hali imedumu zaidi ya mwaka, ambaye ukoo wake una wenye kigugumizi, au ambaye uso na shingo vimeanza kukakamaa. Mzazi hatakiwi kumwambia "vuta pumzi", "tulia", wala "sema polepole". Badala yake mzazi ndiye apunguze mwendo wa maneno yake mwenyewe, aache nafasi kidogo kabla ya kujibu, asimmalizie mtoto neno, na kila siku atenge dakika tano za kukaa naye peke yake, akimwacha aongoze mchezo na mazungumzo. Mama aliuliza ni dawa gani atampa pamoja na hizo dakika tano. Alipoambiwa hakuna dawa, alionekana kutoridhika, na nilimwelewa: mtu aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni anatamani kurudi na kitu mkononi. Tulimwonyesha pale pale, dada akicheza na mtoto kwa mabibo yaliyoanguka chini, akiyapanga na kuyahesabu, naye mtoto akasema sentensi nzima kuhusu mbuzi wao. Mama alisikiliza. Hakusema kitu, lakini hakuondoka mpaka jioni.

Kwa watu wazima zoezi lilikuwa gumu zaidi. Dada aliwaonyesha jinsi ya kulianza neno kwa sauti laini, na jinsi ya kutoka taratibu katika mkwamo badala ya kulisukuma neno kwa nguvu. Halafu akawataka wagugumie kwa makusudi, kwa hiari yao, mbele ya wenzao. Palizuka ubishi. Yule mzee alisema hawezi kukiita kwa hiari kitu alichokikimbia maisha yake yote. Nilisimama nikafanya mimi, nikikwama kwa makusudi, kisha nikakwama kwelikweli, nikaendelea. Mwenyeji wetu akafuata. Yule dada pekee katika kundi, muuza mboga sokoni, alifanya wa tatu, na baada ya kumaliza alilia, akajifuta kwa khanga, akarudia.

Mwalimu wa madrasa wa jirani alikuwa amesimama pembeni muda wote. Mwishoni aliomba nafasi akawakumbusha dua ya Nabii Musa katika Sura Taha, anapomwomba Mwenyezi Mungu amkunjulie kifua na amfungulie fundo lililo katika ulimi wake, wapate kuifahamu kauli yake. Alisema kwamba kwa miaka mingi ameisoma dua hiyo bila kufikiri kwamba aliyepewa ujumbe mkubwa kuliko wote katika zama zake alikuwa mzito wa kusema. Muuza mboga, ambaye ni Mkristo, alisema kwamba habari hiyo hata wao wanayo.

Chakula cha mchana kilikuwa ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo wageni wengi hawaijui. Fungu lilikuwa shilingi 1,000 na lilimtosha mtu mmoja. Mama mwenye nyumba alikataa fedha zetu.

Siku ya tano, Jumapili 20 Oktoba: jina

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ulioanza tarehe 11. Yule mzee wa jana alitujia asubuhi baada ya kulala kwa ndugu yake mjini. Alitueleza habari ambayo hakuisema mbele ya watu. Miaka ya nyuma, katika foleni kama hii, alikwama kwenye jina lake, na jirani mwenye nia njema akamjibia. Jirani alikosea akataja jina la kaka yake. Hakumsahihisha, kwa sababu kusahihisha kungehitaji maneno mengi zaidi. Vivyo hivyo katika chama chake cha msingi, yaani cha ushirika wa wakulima, korosho zake hupimwa kwa jina la mwanawe, na fedha huingia katika akaunti ya mwanawe. Msimu huo mnada wa kwanza ulikuwa umevuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mwanawe si mtu mbaya, alisema, lakini mzee huomba fedha yake mwenyewe kama anayeomba msaada.

Alitaka kwenda kujiandikisha, nasi tusimame mbali. Kituo kilikuwa kijijini kwake, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, shilingi 5,000. Tulikaa chini ya mti upande wa pili wa njia. Watu walikuwa wachache, kama wanane. Alipofika mezani alikwama. Niliona mabega yake yakipanda. Mtu mmoja nyuma yake alitaja jina. Mzee aliinua mkono wa kushoto bila kugeuka, kiganja kikiwa wazi, na yule mtu akanyamaza. Mwandikishaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye hakuwa amehudhuria mkutano wetu wala kusoma kijitabu chetu. Aliiweka kalamu chini akamtazama usoni, akasubiri. Sikuwa na moyo wa kutazama saa. Mzee alilisema jina lake la kwanza, kisha la baba yake, kisha la ukoo. Binti aliomba arudie la ukoo ili aliandike sawasawa. Akarudia.

Alirudi upande wetu, akaomba maji ya kunywa, akaketi. Hatukuzungumza kwa muda mrefu. Baadaye aliuliza kama katika chama cha msingi inaruhusiwa kubadilisha jina katikati ya msimu.

Siku ya sita, Jumatatu 21 Oktoba

Shule mbili za vijijini, usafiri wa bodaboda shilingi 12,000 kwenda na kurudi, walimu ishirini na mmoja kwa jumla. Somo lilikuwa lile lile la Masasi. Jambo la kukumbuka ni bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili. Alisema kwamba jandoni kijana huyu aliimba nyimbo zote kuliko wenzake bila kukwama hata kidogo, na akarudi nyumbani na kigugumizi chake kile kile, jambo lililowafanya watu waseme anajifanya. Dada mtaalamu alimwambia kijana, si bibi: "Hujifanyi. Kuimba na kusema havipiti njia moja." Kijana alimtazama bibi yake kuhakikisha kwamba amesikia.

Siku ya saba, Jumanne 22 Oktoba

Tarehe hii huadhimishwa duniani tangu mwaka 1998 kuwa siku ya kuhamasisha kuhusu kigugumizi. Tulikuwa tumeandaa mkutano wa hadhara saa nne asubuhi. Tulifunga mabango, tukapanga viti vya kukodi, thelathini kwa shilingi 9,000. Wakaja watu watano. Kosa lilikuwa letu kabisa: tulichagua tarehe kwa kutazama kalenda ya dunia, wala hatukutazama kalenda ya korosho. Anayepanga kuja kusini na jambo lolote la kijamii aje Juni au Julai, au baada ya msimu. Mwezi Oktoba watu wako mashambani kuokota au ghalani kupima.

Mwenyeji wetu alipendekeza tuwafuate watu waliko. Tulikwenda kwenye foleni ya kupimia korosho, na karani alituruhusu tuzungumze huku mizani ikiendelea. Nilizungumza kama dakika kumi, sehemu kubwa nikikwama, na wakulima wapatao sitini walisikiliza kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mwanzoni vijana wawili walicheka. Sikuwakemea, niliwaambia kwamba nitamaliza sentensi yangu, na nikaimaliza. Baada ya hapo watu wanne walitufuata kando, mmoja mmoja, kutaja mtoto, mke, au nafsi zao.

Siku ya nane na ya tisa, 23 na 24 Oktoba: kurudi

Tulishuka Mtwara kupitia Tandahimba, nauli 10,000, vumbi hadi Mnivata ambako lami inaanza, na kuanzia hapo kilomita 50 za mwisho zilipita haraka. Kabla hatujaondoka mwenyeji wetu alitukabidhi furushi la korosho za kubangua na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, wa kubebea vijitabu safari nyingine visiingie vumbi. Alhamisi tulipanda basi la alfajiri, tukafika Mbagala usiku tukiwa wazima.

Jumla ya matumizi ya watu wawili, pamoja na uchapishaji, ilikuwa shilingi 874,000. Kama ningerudia ningetumia nusu ya fedha za mabango kununua vocha kwa mwenyeji, kwa sababu mabango yalisomwa na wachache, ilhali ujumbe wa sauti umekuwa ndiyo darasa letu tangu turudi. Kila Jumatano usiku dada mtaalamu hupokea sauti zilizorekodiwa kutoka Newala, huzisikiliza na kujibu. Ujumbe wa kwanza wa mwenyeji wetu ulikuwa wa sekunde tisini, na sekunde sitini kati ya hizo ni mkwamo mmoja. Hakuufuta akarekodi upya, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Mama wa mtoto wa miaka mitano ametuma ujumbe kupitia simu ya jirani kwamba hakwenda kwa fundi wa kimeo. Hajasema kama mtoto amepata nafuu, na ni mapema mno kumuuliza. Habari za akaunti ya yule mzee bado hatujazipata.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba walikutana tena nyuma ya kibanda cha fundi bila sisi. Walikuwa tisa. Wawili kati yao hatukuwahi kuwaona. Waliletwa na muuza mboga.